Ulichokiona kwa Sharon

Kabwe, Nkasi
12 Mei 2024

Kwa Shangazi Monika,

Shikamoo shangazi. Huku tumeamka salama. Mjukuu wako Zephania anatembea, na kazi yake kubwa sasa ni kumwaga ndoo za maji nikishazijaza. Joto limepungua kidogo. Baba kikohozi kimeisha? Na mahindi ya Pito yamekauka au bado mvua inawasumbua? Msalimie Zenon, ila usimwambie kilichomo humu.

Usishangae kuletewa karatasi siku hizi za simu. Simu ya hapa tunashika wawili, mimi na Cleophas. Ya kwako anaishika mwanao Zenon, na akisoma Zenon, Pito nzima imesoma. Hii nampa dereva wa gari la akina Mwanaheri, wale wa duka la vitenge Sumbawanga mjini. Mwanaheri atakupa mkononi siku ya soko, nawe majibu mpe yeye.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Nina vipele ukeni, shangazi. Hili neno nimeliandika nikalifuta mara mbili, sasa naliacha. Ni wiki ya tatu. Vipo vya namna mbili. Pembeni, penye nywele, ni vyekundu, vingine vina usaha juu, na nikikaa kwenye kigoda vinauma. Halafu ndani ya mashavu, huku na huku, kuna punje ndogo ndogo nyeupe, kama chembe za sembe zilizoganda. Hizo haziumi wala haziwashi, zipo tu. Nimeziona kwa kioo cha Cleophas cha kunyolea ndevu, naye yuko Kipili.

Ndiyo, Kipili. Kila wiki Kipili. Na unajua nani anaishi Kipili.

Wewe ndiye uliyemfunda Sharon binti Adolfu, ukamwogesha, kisha ukamwambia mama mkwe wangu kwamba yule binti ana vipele vya ugonjwa. Ndoa yake na Cleophas ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Tangazo la tatu halikusomwa. Sharon akahama kwa aibu, akaenda Kipili kwa mama yake mdogo, na miezi minane baadaye nikaolewa mimi. Nani atanizuia nisijumlishe moja na moja?

Kwa hiyo nakuuliza kitu kimoja. Ulichokiona kwa Sharon kilikuwaje? Kama kinafanana na hiki changu, basi Cleophas anakwenda kwake na ameniletea. Nitafunga mzigo, nitambeba Zephania mgongoni, nirudi kwa baba. Sitaki kuachwa nikiwa nimeoza ndipo niondoke.

Ni mimi mwanao,
Hellena

* * *

Pito
27 Mei 2024

Mwanangu Hellena,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa Mwanaheri, nimeisoma jikoni mlango umefungwa. Baba yako hajambo, anakohoa asubuhi tu, na mchana anabishana na majirani kama kawaida yake. Mahindi tumevuna nusu. Baridi imeingia, mikono inakufa ganzi mapema. Zenon ameng'ang'ania kununua pikipiki, sijui ataiwekea mafuta gani, maji?

Kuhusu hilo lako, acha kujitisha. Huko ziwani ni joto, na ngozi yetu sisi wa huku juu haikuumbiwa joto. Kaa kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Vaa nguo za pamba. Vitatoka vyenyewe.

Hospitali usiende. Nesi wa siku hizi ni mtoto wa juzi. Utaingia kwake mgonjwa utoke habari, na kabla hujafika nyumbani wavuvi wote wanajua mke wa Cleophas ana nini na kiko wapi. Mwanamke aliyefundwa hajianiki. Mimi sikukufunda hivyo.

Cleophas ni mume mzuri. Nilikutafutia mwenyewe, na sikukutafutia kwa usiku mmoja. Kushinda kwake Kipili ni kutafuta riziki. Ukianza kumnusa mashati utaibomoa nyumba yako kwa pua.

Habari za Sharon ziache. Yaliyopita si ndwele. Kila mtu na mwili wake na Mungu wake.

Nakuombea kwa Bikira Maria.
Shangazi yako,
Monika

* * *

Kabwe
13 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Zephania aliumwa mafua, kapona. Ziwa limefungwa tangu tarehe kumi na tano Mei, hakuna kuvua mpaka Agosti, serikali inataka samaki wazaliane. Mitumbwi imepinduliwa ufukweni na wanaume wanacheza bao kutwa nzima. Wanaume wote, isipokuwa wangu. Wangu bado anakwenda Kipili, siku nne kila wiki. Ziwa limefungwa lakini riziki yake ya Kipili haikufungwa. Akirudi ananawa mikono muda mrefu mno. Mifuko nimeikagua. Sikukuta kitu, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Nimevunja amri yako, nimekwenda kituo cha afya. Nilikaa kwenye benchi na wanawake watatu ninaowajua, wote nikawaambia naumwa mgongo. Mmoja akaanza kunieleza dawa ya mgongo mpaka nikaitwa.

Nesi anaitwa Bertilla, mtu mzima, ana wajukuu. Nilipoketi nikamwambia mgongo na yeye pia. Akaniangalia tu, akafunga pazia, akasema, “Mama, mficha uchi hazai. Mgongo hauhitaji kunong'ona.” Basi nikasema.

Akavaa glovu, akawasha taa, akaangalia kila mahali bila kukunja uso. Akaniuliza nanyoa na nini. Nikamwambia wembe, na kwamba mume na mke tunanyoana kama nilivyofundwa, wembe huo huo mmoja wa kwake na wangu mpaka uishe makali, kisha napaka spiriti. Alitikisa kichwa. Vile vyekundu, alisema, ni mashina ya nywele yaliyovimba kwa sababu ya wembe butu, na nywele zinazorudi kuota kwa ndani. Nipumzike kunyoa mpaka ngozi ipone, nikande kwa kitambaa cha maji ya moto ya wastani, nisikamue, spiriti nitupe. Nikitaka kupunguza nywele nitumie mkasi. Na wembe hauchangiwi, hata na mume, kwa sababu ya damu.

Zile punje nyeupe alicheka nilipomuuliza, lakini si kwa kunidharau. Ni vitezi vya mafuta ya ngozi, shangazi. Wanawake wengi wanavyo na hawajui kwa kuwa hawajiangalii. Hata kwenye midomo ya mdomoni vinatokea. Haviambukizi, havitoki kwa mwanaume yeyote, wala havihitaji dawa. Wengine vinaonekana sana, wengine kidogo.

Alinipima damu, virusi vya UKIMWI na kaswende. Sina. Akasema nirudi tena baada ya miezi mitatu kwa uhakika, na nije na mume. Akanionya pia: kidonda, malengelenge yenye maji, vinyama vinavyoota na kuongezeka, uvimbe unaokua au unaotoa damu, hayo nisikae nayo nyumbani hata wiki, na nisimsikilize mtu. Nikamwuliza kama sasa ina maana mume wangu ni mwaminifu. Akasema hilo halipimwi hapo.

Vyekundu vimeshanywea. Nakaa kwenye kigoda bila kuuma meno.

Ila ugonjwa mmoja haujapona. Kama punje zangu ni ngozi tu, za Sharon zilikuwa nini? Nilikuuliza ukanijibu kwa maji ya chumvi. Kama alikuwa na ugonjwa kweli, na Cleophas yuko Kipili siku nne, basi nitaungojea, hata kama leo damu yangu ni safi. Niambie ulichokiona. Kilikuwa ni kidonda? Ni vinyama? Ni malengelenge? Wewe ni mtu mzima, huwezi kuwa umesahau kitu kilichovunja ndoa.

Hellena

* * *

Pito
7 Julai 2024

Hellena mwanangu,

Hujambo? Sisi ni wazima. Ulezi tumevuna, umejaa ghala, na wanawake wa jumuiya walikuja kunisaidia kupura. Paroko mpya anahubiri kwa ufupi, watu wamefurahi. Baba yako anataka mjukuu aletwe aone baridi. Pikipiki ya Zenon imeshaanguka mara moja, yeye hajaumia, ila kuku wa jirani amekufa na tumepigiwa kelele siku mbili.

Nashukuru umepona. Sasa kaa utulie.

Hilo lingine ni la zamani na macho yangu si kama yalivyokuwa.

Monika

* * *

Kabwe
19 Julai 2024

Shangazi Monika,

Shikamoo.

Macho yako yaliona punje kwenye mwili wa mwali ndani ya bafu la nyasi, leo hayakumbuki. Sawa. Nimekwenda kutazama kwa macho yangu.

Jumanne nilipanda boti la abiria mpaka Kipili bila kumwambia mtu. Zephania nilimwacha kwa jirani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno nitakayomtukana Cleophas nikimkuta nyumbani kwa Sharon. Nilikuwa nayo mazuri sana, baadhi nilijifunza kwako.

Nilimkuta chini ya kibanda cha Amin mwenye mitumbwi, anayevua naye, yuko na wazee wanne, ameketi juu ya nyavu, anashona. Ziwa likiwa limefungwa ndipo nyavu zinaposhonwa na mitumbwi inapopakwa lami, hata mtoto wa Kabwe analijua hilo, mimi wivu ulinisahaulisha. Lami haitoki mikononi ndiyo maana ananawa muda mrefu. Aliponiona alisimama, akauliza kama Zephania amekufa. Nikamwambia nimekuja kununua uzi. Akaniamini.

Nilipaswa kurudi na boti la saa nane. Lakini nilikuwa na swali lako mkononi, na mwenye jibu alikuwa nyumba ya sita kutoka pale.

Sharon ana cherehani, anashona sare za shule. Alinitambua kabla sijasema jina. Hakunifukuza, alinipa kiti. Nikamwambia kilichonileta, chote, pamoja na kioo na nesi na kwamba nilimshuku yeye. Alinisikiliza huku anakunja vitambaa. Tangu aondoke Pito, alisema, hajawahi kuongea na Cleophas hata salamu. Akimwona, hugeuka akapita njia ya kanisani.

Nikamuuliza wewe uliona nini siku ile. Akasema uliona punje nyeupe, za nini hajui mpaka leo. Hakuwahi kuumwa, hakuwahi kuwa na mwanaume. Ulimwogesha, ukakaa kimya, na jioni akaambiwa ana ugonjwa. Alikwenda kwa muuza dawa mmoja wa gulioni, akampa dawa ya kuchoma. Amejichoma nayo miaka minne, shangazi, kila zikionekana. Amekataa wachumba wawili ili asiwaambukize.

Nilimwomba twende wote zahanati ya pale. Alikataa. Nikamwambia nitaingia naye, nitakaa upande wa kichwani. Tukaenda. Nesi wa pale alisema yale yale aliyosema Bertilla, bila mimi kumfundisha: ni vitezi vya mafuta. Damu yake ni safi. Kisichokuwa cha kawaida ni makovu tu, na hayo ni ya dawa ya kuchoma. Amempa rufaa akaonwe na daktari hospitali ya wilaya kwa ajili ya makovu yanayombana.

Sharon hakulia. Alimwuliza nesi kama anaweza kuyaandika hayo kwenye karatasi na kuipiga muhuri.

Mimi ndiye niliyelia, na nilikasirika kwamba nalia mbele yake.

Sasa sikuulizi tena ulichokiona, nimekijua. Nakuuliza neno moja. Ulikosea kwa kutojua, au ulijua? Kama hukujua, sema hukujua, nami nitakusamehe, kwa kuwa hata mimi sikujua. Usiniletee habari za paroko.

Hellena

* * *

Pito
11 Agosti 2024

Hellena,

Nimekaa na barua yako wiki tatu. Mwanaheri amenitumia ujumbe mara mbili kwamba gari linashuka. Nilikuwa namwambia mkono unauma.

Nilijua.

Ninazo mwenyewe, tangu nilipovunja ungo. Mama yangu alinionyesha zake nilipomlilia, akasema ni ngozi ya kike, usihangaike. Nimewafunda wali zaidi ya thelathini katika parokia hii, na wengi nimewaona nazo. Sijawahi kuwaambia neno, kwa sababu hakukuwa na la kusema.

Utataka kujua kwa nini, na sina sababu nzuri. Mwaka ule wewe ulikuwa umerudi nyumbani, yule mwalimu aliyekuchumbia amekuacha amekwenda Mpanda, na ulikuwa huli. Baba yako alikuwa anatapika damu. Kaka yangu mmoja tu. Alinishika mkono akasema, Monika, nitakufa binti yangu ameketi bila mume. Halafu naitwa kumfunda mtoto wa Adolfu, aolewe na kijana asiyekunywa, mwenye mtumbwi wake, mwenye heshima. Nikamwogesha nikaziona zile punje. Nikatoka nje, mama yake Cleophas yuko jikoni anasonga, akaniuliza, mwali wetu yukoje? Nikasema, yule binti hana afya, ana vipele. Ni hivyo tu, Hellena. Neno uhuni sikulitamka, walilitamka wao. Mimi nilikaa kimya tu. Nilidhani binti mzuri vile atapata mwingine baada ya mwaka mmoja, na wewe utakuwa umepona.

Hayo ya dawa ya kuchoma sikuyajua. Naapa. Tangu nisome sijaweza kupokea komunyo.

Ulipoandika mara ya kwanza niliogopa nesi kuliko nilivyoogopa ugonjwa wako. Nilijua atakuambia ni ngozi, na wewe si mtu wa kuacha swali. Ndiyo maana nikakukataza. Ungekuwa na kitu kibaya kweli ningekuua ili nisiumbuke. Hilo nalo nimeliona nikiwa peke yangu.

Sasa sikia. Choma karatasi hii. Mimi ni mzee, nimebakiza kudharauliwa tu, lakini wewe una nyumba. Cleophas alimpenda yule binti, mimi ndiye niliyeziona zawadi alizokuwa anamletea. Akijua ametenganishwa naye kwa uongo wa shangazi yako, atakuangaliaje? Kila akikutazama ataona nimemwibia mchumba wake nikampa wewe. Mama yake atakurudisha. Ukisema, nyumba itakayoanguka ni yako na ya Zephania, siyo yangu. Nakuomba kama mama.

Monika

* * *

Kabwe
1 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Zephania anasema “samaki” sasa, na “hapana”. Ziwa limefunguliwa tangu katikati ya Agosti, migebuka ni mingi, Kabwe inanuka moshi wa samaki tena. Mwambie baba tutampelekea waliokaushwa. Nafurahi kwamba hakufa, lakini nimemkasirikia na yeye kidogo, bila kosa lake.

Sikuichoma.

Nilitaka. Niliiweka karibu na jiko siku nzima. Uliyoyasema kuhusu nyumba yangu ni kweli, ndiyo maana yaliniuma. Nilijiambia nitanyamaza, Sharon ana karatasi yake yenye muhuri, inamtosha. Kisha nikakumbuka umeandika “nilikaa kimya tu”, nikaona ninajifunza kwako kazi ambayo hukunifunda makusudi.

Sharon amekwenda hospitali ya wilaya. Daktari amesema makovu yanatibika, kwa muda. Nilimsomea barua yako mimi mwenyewe, nilikwenda tena Kipili kwa ajili hiyo. Hataki pesa yako wala kuku. Anasema atapanda Pito Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, na anataka uyaseme mbele ya mama yake na mbele ya mama mkwe wangu, uyaseme kwa mdomo, ukiwa umesimama. Na wale wali thelathini uliowafunda anataka waambiwe zile punje ni nini, na wale watakaokuja. Ukishindwa kusema, atasema yeye, ana karatasi. Mimi nitakuja naye. Nitakaa upande wako, shangazi, kwa sababu bado ni shangazi yangu, ila sitakusaidia kusema.

Cleophas nilimpa barua yako baada ya kula. Aliisoma mara mbili, kwa kidole. Kisha akatoka, akaketi juu ya mtumbwi mpaka jua likazama, nami nilikuwa ndani nakunja nguo za Zephania na kuziweka kwenye mkoba, maana nilijua ninakokwenda. Mifuko yake nimeipekua miezi mitatu. Nimenusa mashati, nimemfuata mpaka Kipili kama mwizi, na nilipomkuta na sindano mkononi bado nilimdanganya kuhusu uzi.

Aliporudi aliuona mkoba. Aliuliza swali moja tu.

“Ulijua?”

Nikasema sikujua.

Akasema, “Basi,” akaanza kuzitoa nguo za mtoto kwenye mkoba, moja moja.

Hellena